Faini, darasa au barabara: tumchagulie nini mwendesha baiskeli anayevunja sheria?

Shangazi yangu aligongwa na baiskeli saa mbili usiku akitoka sokoni, beseni la dagaa kichwani. Kijana aliyemgonga hakuwa na taa wala kengele, na breki yake ilikuwa kipande cha ndala alichokuwa akikikandamiza kwenye tairi kwa kisigino. Mkono wa shangazi uliunga vibaya. Mpaka leo hawezi kusonga ugali wa watu watano. Kijana naye hakukimbia. Alikesha kwenye benchi la hospitali, akachangia matibabu kwa pesa ya kukopa, na kesho yake akarudi kazini na baiskeli ileile, bila taa, kwa sababu pesa ambayo ingenunua taa ilikwisha dirisha la malipo.

Nimelitanguliza hilo kwa sababu wiki chache zilizopita kikao cha mtaa wetu kilijadili pendekezo la kuwatoza faini waendesha baiskeli wanaovunja sheria za barabarani. Mji wetu ni mji wa baiskeli: za abiria, za mkaa, za maziwa, za wanafunzi. Bwana mmoja alisimama akasema, "Mwenyekiti, watozwe elfu kumi kumi kama bodaboda, wataelewa." Mzee anayeuza mkaa akamjibu bila kusimama, "Mwanangu, hiyo elfu kumi naipata lini? Na nikishailipa, nitakuwa nimeelewa nini?" Watu wakagawanyika, mwenyekiti akaahirisha. Tangu siku ile nimekuwa nikisoma wenzetu wa nchi nyingine wamefanyaje, na nimeyaweka niliyoyapata kwenye mizani moja ili kila mtu apime kabla ya kunyoosha mkono.

Njia zilizopo ni hizi: kutoza faini, kumpa mkosaji muda wa kurekebisha, kumpeleka darasani, kupiga marufuku baiskeli zenyewe, na kubadili barabara au sheria ili kosa lisiwepo. Hazina uzito sawa, na sitazitendea kana kwamba zinao.

Faini: ya Ujerumani, ya Ufaransa, ya Japani

Tuanze na nchi tatu ambazo zinatoza kweli, wala si kwa maandishi tu.

| Kosa | Ujerumani | Ufaransa | Japani |
|---|---|---|---|
| Kupita taa nyekundu | yuro 60. Yuro 100 ikiwa taa imeshakuwa nyekundu zaidi ya sekunde 1 | yuro 135 | yeni 6,000 |
| Kushika simu ukiendesha | yuro 55 | yuro 135 | yeni 12,000 |
| Kuendesha usiku bila taa | yuro 20 | yuro 11 | yeni 5,000 |

Ujerumani ina jambo moja zaidi. Anayepita taa nyekundu kwa baiskeli hupata pia alama moja kwenye rejista ileile ya madereva wa magari, na mtu akifikisha alama 8 hunyang'anywa leseni ya gari. Adhabu hiyo ina meno kwa mtu mwenye leseni. Kwa mtu asiyewahi kushika usukani, kama walivyo wengi wa waendesha baiskeli wetu, ni wino kwenye karatasi.

Japani ndiyo iliyochelewa kuingia kwenye faini, na kwa maoni yangu ndiyo yenye somo kubwa. Zamani polisi wa Japani walikuwa na njia mbili tu: kumwonya mwendesha baiskeli kwa mdomo, au kumpa karatasi nyekundu iliyomfungulia jinai. Kwa kuwa jinai ni kubwa mno kwa kosa la kupita alama ya kusimama, kesi nyingi ziliishia hewani. Sheria ikabadilishwa mwaka 2024, na kuanzia tarehe 1 Aprili 2026 ikaja karatasi ya bluu: faini ya kulipa bila kwenda mahakamani, kwa makosa zaidi ya 100, kwa wenye umri wa miaka 16 na kuendelea. Walio chini ya umri huo huonywa. Hata kwa watu wazima, mwongozo wa polisi ni kuonya kwanza na kuandika faini pale mtu anapopuuza onyo au anapohatarisha wengine. Yaani nchi iliyo na baiskeli nyingi kiasi kile iliona kwamba adhabu kubwa isiyotolewa ni dhaifu kuliko adhabu ndogo inayotolewa.

Angalia tena jedwali. Japani imeweka simu kuwa kosa la bei mara mbili ya taa nyekundu. Naona sababu: anayepita taa nyekundu mara nyingi ametazama kulia na kushoto kabla ya kupita, lakini mwenye simu mkononi hatazami kitu. Uholanzi nayo, nchi ambayo watu huenda kwa baiskeli mpaka harusini, ilipiga marufuku simu mkononi kwenye baiskeli kuanzia tarehe 1 Julai 2019, kwa faini iliyoanza na yuro 95. Hapo sina ubishi. Simu haimlishi mtu akiwa anakanyaga pedali; anaweza kusimama pembeni akaongea.

Mstari wa tatu wa jedwali ndio unaonitia shaka. Nchi zote tatu zimeifanya taa ya usiku kuwa kosa la bei ya chini, na Ufaransa imeiweka chini kabisa, yuro 11 dhidi ya 135. Mitaa ya Paris ina nguzo za taa kila hatua chache, kwa hiyo mwendesha baiskeli asiye na taa bado anaonekana. Barabara yetu ya kutoka sokoni haina nguzo hata moja inayowaka. Tukinakili orodha ya Ulaya kama ilivyo, tutakuwa tumechukua na giza lao dogo tukalivisha giza letu kubwa. Nitalirudia hili chini, maana ndilo lililovunja mkono wa shangazi.

Ikiwa kubwa je? New South Wales

Wale wanaosema "ipandishwe mpaka iume" wana jimbo lao la mfano. Tarehe 1 Machi 2016 New South Wales, Australia, ilipandisha faini ya kupita taa nyekundu kwa baiskeli kutoka dola 71 hadi 425, na ya kutovaa helmeti kutoka dola 71 hadi 319. Kudandia gari linalotembea kukawa dola 319. Siku hiyohiyo madereva wa magari walilazimishwa kuacha nafasi ya angalau mita 1 wanapoipita baiskeli, na mita 1.5 pale mwendo unapozidi kilomita 60 kwa saa. Kwenye karatasi ilionekana haki: kila upande umepewa wajibu wake.

Utekelezaji haukulingana. Sehemu kubwa ya faini za baiskeli zilizofuata zilikuwa za helmeti, kosa ambalo askari hulipata kwa kutazama tu kichwa cha mtu, nalo humdhuru mwenye kichwa, si mpita njia. Kupima mita moja kati ya gari na baiskeli ni kazi. Kuona kichwa kitupu si kazi. Faini kubwa ina tabia hiyo popote: huvutwa kwenye kosa rahisi kuandika na kuliacha kosa baya zaidi. Na dola 319 zinatosha kununua baiskeli mpya ya bei nafuu. Faini ikifika bei ya chombo chenyewe, mwenye nacho atakitelekeza mikononi mwa askari aende zake.

Kwetu tayari tuna ngazi ambayo tungeweza kuifuata. Bajeti ya Tanzania ya mwaka 2021/22 ilishusha faini ya bodaboda na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa moja, kwa hoja kwamba chombo cha abiria mmoja au wawili hakiwezi kulipa sawa na basi. Hoja hiyo ni ya haki, na ukiikubali huwezi kuishia katikati. Baiskeli haitumii mafuta, haina injini, na haiwezi kulipa sawa na pikipiki. Aliyesema "elfu kumi kumi" alikuwa anabomoa ngazi ambayo serikali yenyewe iliijenga.

Taa nyekundu: adhabu au ruhusa

Wengi watashangaa kwamba kuna mahali ambapo mwendesha baiskeli anaruhusiwa kisheria kupita taa nyekundu.

Jimbo la Idaho, Marekani, lilipitisha sheria mwaka 1982: mwendesha baiskeli akifika kwenye kibao cha kusimama, apunguze mwendo, aangalie, na kama njia ni nyeupe aendelee bila kuweka mguu chini. Kwenye taa nyekundu, kwa sheria ilivyo leo, lazima asimame kabisa, awape njia wenye haki, kisha kama hakuna anayekuja, aende. Wazo hilo lilitoka mahakamani. Mkurugenzi wa utawala wa mahakama za jimbo, Carl Bianchi, alikuwa akiongoza mageuzi ya kuziondoa kesi ndogo za barabarani kwenye jinai, na mahakimu walikuwa wamechoka kujaziwa meza na kesi za baiskeli ambazo hazikumdhuru mtu. Kwa zaidi ya miaka 30 Idaho ilikuwa peke yake. Kisha Delaware ikafuata mwaka 2017, na baada yake Oregon na Washington, zote tatu kwa kibao cha kusimama tu, na Colorado kwa kibao na taa nyekundu pia.

Ulaya ilikwenda kwa tahadhari zaidi. Paris imeweka chini ya taa nyingi kibao kidogo cha pembetatu chenye baiskeli na mshale: unaweza kukunja kulia, au kunyoosha pale mshale unapoonyesha, hata taa ikiwa nyekundu, ila mwenye miguu anapita kwanza. Uholanzi ina kibao cha namna hiyo kwa kukunja kulia tangu miaka ya 1990. Hata Ujerumani, yenye yuro 60 na alama kwenye rejista, iliruhusu mwaka 2020 mshale wa kijani wa baiskeli peke yake.

Kwa nini wamruhusu wa baiskeli na wamkatalie wa gari? Fanya hesabu ya darasani. Mtu na baiskeli yake, tuseme kilo 90, kwa kilomita 20 kwa saa. Gari dogo la kilo 1,300 kwa kilomita 50 kwa saa. Nishati ya mwendo ya gari ni karibu mara 90 ya ile ya baiskeli. Zaidi ya hapo, wa baiskeli amekaa wazi, anasikia, anaona pande zote, na akikosea anayeumia kwanza ni yeye. Na anayeondoka pamoja na malori taa inapowaka kijani huyumba mita chache za mwanzo akitafuta mwendo, hasa akiwa na gunia la mkaa kwenye keria. Kumtanguliza sekunde chache ni kumtoa kwenye midomo ya malori.

Lakini hapa nasimama kidogo. Ruhusa ya Idaho inategemea kitu kimoja: kwamba mwenye baiskeli atampa njia mwenye miguu. Kwetu, anayevuka kwa miguu hapewi njia na gari, hapewi na pikipiki, hapewi na baiskeli. Kufungua mlango huo leo, kabla mwanafunzi hajaweza kuvuka zebra bila kukimbia, ningeona ni haraka. Mji wetu una makutano mawili tu yenye taa, na moja liko mbele ya shule. Mshale wa kukunja kushoto, ndiyo, kwenye yale makutano mengine. Kunyoosha kwenye nyekundu, bado.

Bila taa usiku: karatasi ya kurekebisha

Njia niliyoipenda kuliko zote ni ndogo, na watu wachache huizungumzia.

California, askari akikukamata na baiskeli yenye kasoro ya kifaa, mfano haina taa au breki, anaweza kukuandikia karatasi ya kurekebisha. Unaenda, unaweka taa, unaonyesha kwamba umeweka, na kosa linafutwa kwa ada ndogo. Hukuepuka, umetoa pesa. Tofauti ni kwamba pesa yako imegeuka taa.

Linganisha na faini kwa macho ya yule kijana wa abiria. Anakamatwa leo bila taa, analipa. Kesho hana taa bado, na sasa hana pesa ya kununulia. Anakamatwa tena. Kila faini inamsogeza mbali na kitu ambacho faini ilitaka akipate. Kwa makosa ya tabia, kama kushika simu, faini haina mgongano huu, maana kuacha hakugharimu kitu. Kwa makosa ya vifaa, faini inakula mtaji wa marekebisho. Sijaona mahali popote kwenye usomaji wangu ambapo tofauti hii inaheshimiwa vya kutosha, na naomba kikao chetu kiiheshimu.

Udhaifu wa karatasi ya kurekebisha ni ufuatiliaji. Baiskeli zetu hazina namba za usajili, na mtu anaweza kutaja jina la babu yake. Lakini baiskeli za abiria zina vijiwe, vijiwe vina wenyeviti, na wenyeviti wanawajua vijana wao kwa majina ya nyumbani. Muuza maziwa ana wateja wa kila asubuhi. Ufuatiliaji wa mji mdogo hauhitaji kompyuta.

Nani atakayesimamishwa?

Ukisoma sheria ya faini, hujui bado itamwangukia nani. Tampa, jimbo la Florida, wanajua. Mwaka 2015 gazeti la Tampa Bay Times lilihesabu faini za baiskeli ambazo polisi wa mji huo waliandika kwa miaka mitatu: 2,504. Kati ya kila watu kumi walioandikiwa, karibu wanane walikuwa weusi, katika mji ambao weusi ni kama robo ya wakazi. Makosa yenyewe ni yale tunayoyajua: hakuna taa, amempakia mwenzake kwenye usukani. Wizara ya Sheria ya Marekani ikafanya uchambuzi wake na kuutoa mwaka 2016. Ilikuta kwamba usimamishaji ule haukuleta faida kwenye usalama wa baiskeli, wala kwenye wizi, wala kwenye uhalifu.

Kaunti ya King, uliko mji wa Seattle, ilikuwa na sheria ya helmeti kwa watu wote. Ilifutwa Februari 2022 baada ya kuonekana kwamba karibu nusu ya waliotozwa faini hiyo Seattle kwa miaka kadhaa walikuwa watu wasio na makazi. Sheria ilitungwa kwa ajili ya fuvu la kichwa, ikaishia kuwa kisingizio cha kumsimamisha mtu anayelala chini ya daraja.

Sisi hatuna mgawanyiko wa Tampa, lakini tuna wetu. Wa baiskeli ya michezo aliyevaa nguo za kubana na miwani hasimamishwi. Wa mkaa husimamishwa. Na pale mkosaji asipojua haki yake, asipopewa risiti, maneno hubadilika kuwa "nipe ya maji yaishe." Mzee wa mkaa alinieleza baada ya kikao kwamba hicho ndicho kinachomtisha, si faini: "Faini ina mwisho, mwanangu. Ya maji haina."

Darasa

Japani tangu Juni 2015 humtaka mwendesha baiskeli mwenye miaka 14 au zaidi, akikamatwa kwa makosa ya hatari mara mbili ndani ya miaka mitatu, ahudhurie darasa la saa 3 na alilipie. Asipokwenda, ndipo anapokabiliwa na faini inayoweza kufika yeni 50,000. California nayo iliruhusu mwaka 2015 polisi wawape wakosaji wa baiskeli nafasi ya kwenda darasani badala ya kulipa.

Saa tatu za kazi ni gharama kwa kijana wa abiria, kwa hiyo asifikirie mtu kwamba darasa ni kumbembeleza. Faida yake ni kwamba tajiri na maskini wanatoa kitu kinacholingana zaidi kuliko pesa. Kasoro yake ni mwalimu: lazima apatikane, tena ajue baiskeli. Ujerumani haisubiri mtu akosee. Watoto wa darasa la nne hufanya mtihani wa baiskeli, mara nyingi polisi wakiwepo. Kwetu mtoto hufundishwa na kaka yake uwanjani, kuanguka mara tatu, na siku ya nne yuko barabara kuu.

Kupiga marufuku

Hili nitalipita upesi. Machi 2022 Bujumbura, Burundi, ilizifukuza baiskeli, pikipiki na bajaji kutoka katikati ya jiji. Ukweli ni kwamba hatari ipo kule: wapo vijana wanaoteremka milima kuelekea jijini na mikungu ya ndizi, na wakirudi hudandia nyuma ya malori kupanda, jambo ambalo New South Wales ililiwekea dola 319 mwaka 2016. Lakini marufuku haichagui kati ya mwenye kudandia lori na mama anayepeleka nyanya sokoni kwa mwendo wa taratibu. Kosa la mmoja limelipwa na wote. Mtu akipendekeza kwenye kikao chetu kunyang'anya baiskeli, naomba aulizwe mgonjwa wa kijijini atafikaje zahanati siku hiyo.

Barabara yenyewe

Uingereza humtoza mwendesha baiskeli anayepita njia ya waenda kwa miguu pauni 50. Lakini faini hiyo ilipoanza mwaka 1999, waziri wa Wizara ya Mambo ya Ndani, Paul Boateng, aliwaeleza polisi kwamba haikukusudiwa kwa waendesha baiskeli wastaarabu ambao wakati mwingine hulazimika kupanda njia ya miguu kwa kuogopa magari. Maelekezo hayo yanakiri jambo zito: kuna makosa ambayo barabara ndiyo inayoyatenda, mtu anayabeba tu.

Uholanzi ililijua hilo kwa machozi. Mwaka 1971 zaidi ya watu 3,000 walikufa kwenye barabara zake, zaidi ya 400 wakiwa watoto. Wazazi walilala barabarani wakiwa na baiskeli zao, katika harakati iliyoitwa Stop de Kindermoord, yaani komesheni mauaji ya watoto. Njia za baiskeli ambazo leo ulimwengu unakwenda kuzipiga picha zilijengwa baada ya hapo. Sheria yao pia inamtwisha dereva wa gari mzigo wa fidia anapomgonga mwenye baiskeli, isipokuwa athibitishe hakuwa na namna. Kwa hiyo Mholanzi anayetozwa faini ya simu anatozwa akiwa kwenye njia yake, chini ya taa zake. Hapo faini ina uso wa kumtazama mtu.

Na sisi tumeanza, kidogo. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Dar es Salaam mwaka 2016, Barabara ya Morogoro ilipata njia za baiskeli pembeni mwa korido, kutoka Kimara kwenda mjini. Nimeziendesha. Sehemu zilizo wazi, hakuna anayehangaika kuvunja sheria, maana kuifuata ndiko rahisi. Sehemu zilizojaa pikipiki zilizoegeshwa na meza za biashara, kila mwenye baiskeli anarudi kwenye magari, na hapo ukitaka kuandika faini utajaza kitabu ndani ya saa moja.

Nitakavyopiga kura

Simu mkononi, na kupita zebra watu wakivuka: faini, ndogo kuliko ya bodaboda, baada ya onyo moja la maandishi, kwa namba ya malipo na risiti, kamwe si mkononi. Chini ya miaka 16, onyo na mzazi aitwe. Kukosa taa, breki au kengele: karatasi ya kurekebisha, siku 14, kupitia mwenyekiti wa kijiwe au wa mtaa. Anayerudia kosa la hatari mara mbili: darasa la nusu siku, siku ya gulio isihusike. Kupita pembeni kwenye njia ya miguu pale ambapo barabara haina ukingo wa kupita: asiguswe, ila akitaka kumpita mwenye miguu ashuke akokote. Na kila karatasi inayoandikwa iorodheshe mahali, saa na aina ya baiskeli, orodha ibandikwe ofisi ya kata kila mwezi, tuone kama ni wa mkaa peke yao wanaosimamishwa.

Rasimu hii nilimsomea shangazi jikoni. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono wake mbovu umelala mapajani, akauliza swali moja: "Sasa yule mtoto ungempa hizo siku 14, taa angeinunua na nini?" Sikuwa na jibu. Nilirudi mezani nikaongeza kifungu: pesa yote ya faini za simu iende kununua taa, zikopeshwe kwenye vijiwe, zilipwe kidogo kidogo kila jioni, na taa ya kwanza itoke kabla faini ya kwanza haijaandikwa.